PS5, Xbox Series au Switch: chagua kwa kero utakayoweza kuitengeneza

Wanunuzi wengi wa konsoli huangalia kwanza orodha ya gemu na ukali wa picha. Mwaka mmoja baadaye maswali huwa mengine: kwa nini mhusika anatembea mwenyewe, kwa nini gemu ya tano haiingii, kwa nini feni inavuma hivi, kwa nini TV imebaki nyeusi. Hakuna konsoli isiyo na kero. Zinatofautiana kwa jambo ambalo matangazo hayaligusi: nani anaweza kuiondoa kero hiyo. Moja unaimaliza mezani kwa bisibisi na nusu saa. Nyingine inataka fundi mwenye mkono mtulivu na chuma cha kulehemu. Nyingine haina dawa ila kununua kifaa cha aina moja tu kwa bei utakayopangiwa.

Tunalinganisha PS5 (ya mwanzo ya 2020, Slim ya 2023 na Pro ya 2024), Xbox Series X na Series S (2020), na familia ya Switch: ya 2017, Lite ya 2019, OLED ya 2021 na Switch 2 ya 2025. Picha ya haraka ni hii:

| Kero | PS5 | Xbox Series | Switch na Switch 2 |
|---|---|---|---|
| Kubadilisha analogi (kijiti cha pedi cha kidole gumba) iliyochakaa | Kulehemu | Kulehemu | Joy-Con (pedi ndogo za ubavuni) za Switch: waya bapa wa kuchomeka |
| Kuongeza hifadhi | SSD (hifadhi ya kasi) ya M.2 ya kampuni yoyote | Kadi maalumu | microSD. Switch 2 ni microSD Express tu |
| Betri ya pedi | Ya ndani, saa 6 hadi 12 | AA mbili, hadi saa 40 | Joy-Con saa 20 hivi |
| Kuokoa rekodi za mchezo (maendeleo yako) | Mtandaoni kwa kulipia | Mtandaoni bure | Mtandaoni kwa kulipia |
| Kusafisha vumbi | Mabamba hutoka bila skrubu | Bisibisi ya Torx T8 (ncha ya pembe sita) | Skrubu za Y |

Anayependa kufungua na kujitengenezea, Switch ya kawaida na PS5 zinamfaa. Asiyetaka kugusa skrubu maishani mwake achukue Xbox, akubali tu kwamba hifadhi itamgharimu zaidi. Sababu zake ziko hapa chini.

Analogi inayojisogeza

Hii ndiyo kero kubwa kuliko zote, na hakuna kampuni iliyosalimika. DualSense (pedi ya PS5), pedi ya kawaida ya Xbox na Joy-Con za Switch zote husoma mwendo wa analogi kwa mguso. Ndani kuna njia ya kaboni na kijiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake, na pedi inapima ukinzani wa umeme ili ijue umeisukuma analogi kiasi gani. Kila ukiisukuma, kijiulimi kinakwangua kaboni kidogo. Unga unajikusanya, njia inachakaa hasa karibu na katikati, na springi ya kurudisha analogi nayo inalegea. Pedi inaanza kuamini kwamba unasukuma ilhali hujagusa kitu.

Kabla ya kufungua pedi yoyote, pitia hatua hizi kwa mpangilio huu:

1. Zima pedi. Inamisha analogi upande mmoja, puliza hewa kwenye mwanya wa chini, kisha zungusha na urudie pande zote nne.
2. Dondosha tone moja au mawili ya alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, kwenye mwanya huo. Zungusha analogi mara 20 hadi 30, halafu iache ikauke dakika 15 kabla ya kuwasha. Usitumie dawa ya kulainisha bawaba au mafuta ya aina yoyote: yanashika vumbi na yanaweza kuharibu plastiki.
3. Kwa DualSense, zima konsoli, ingiza pini kwenye kitundu kidogo cha nyuma ya pedi na ubonyeze kama sekunde 5. Kisha iunganishe kwa kebo ya USB na ubonyeze kitufe cha PS. Kwa Switch, nenda kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya vidhibiti na vihisi, usawazishe analogi upya.
4. Gemu nyingi zina mpangilio wa eneo mfu, yaani umbali ambao analogi inaweza kusogea kabla gemu haijajali. Liongeze kidogo kidogo mpaka mhusika atulie.

Alkoholi inasogeza uchafu. Kaboni iliyokwishaliwa hairudishi. Ndiyo maana pedi nyingi hupona wiki chache kisha tatizo likarudi kwa kasi zaidi. Likirudi mara ya pili, acha kudondosha alkoholi na ufikirie kubadilisha kifaa chenyewe.

Hapo ndipo konsoli hizi zinapoachana. Analogi ya Joy-Con ya Switch ya 2017 na OLED imeunganishwa kwa waya bapa unaochomekwa kwenye kishikizo chenye kilatchi. Unahitaji bisibisi ya Y00 kwa skrubu nne za nje na ya nyota namba 00 kwa za ndani. Ukishatoa skrubu za nje fungua taratibu, kama kitabu, kwa sababu nusu mbili za Joy-Con bado zimeshikana kwa nyaya bapa. Chomoa betri kwanza. Inua kilatchi kwa ncha ya plastiki, vuta waya, toa skrubu za analogi, weka mpya, rudisha. Kosa linaloua Joy-Con nyingi ni kuvuta waya bapa kabla ya kuinua kilatchi: kishikizo kikivunjika kwenye bodi, kazi ya nusu saa imegeuka kazi ya hadubini. Ukimaliza, sawazisha analogi kwenye mipangilio. Na kwa kuwa umeshafungua, weka analogi zenye vihisi vya sumaku. Hizi hazina kaboni wala mguso, kwa hiyo hakuna cha kukwanguka. Teknolojia yenyewe si ngeni: pedi ya Dreamcast ya 1998 ilikuwa nayo.

DualSense na pedi ya Xbox ni habari nyingine. Kuzifungua si tatizo. DualSense ina skrubu nne za nyota namba 00, na mbili kati yake zimefichwa chini ya vitufe vya L1 na R1. Pedi ya Xbox ina skrubu tano za Torx T8 zenye tundu katikati, na ya tano iko chini ya karatasi ndani ya nyumba ya betri, ndiyo ambayo watu huisahau kisha wakavunja ganda. Tatizo ni analogi yenyewe: imelehemiwa kwenye bodi kwa pointi 14. Pointi zilizoungana na ardhi ya bodi hunyonya joto, risasi haiyeyuki upesi, anayejifunza anavuta kwa nguvu, na pete ya shaba inang'oka na bodi. Hata ukifaulu, analogi mpya haikai katikati ileile ya zamani, kwa hiyo pedi lazima isawazishwe kwa programu. Kazi hii mpe fundi ambaye tayari anabadilisha matundu ya chaja za simu. Vifaa vyake ndivyo vinavyohitajika.

DualSense Edge ndiyo pedi rasmi ya Sony iliyolitatua suala hili: unavuta kilatchi, moduli nzima ya analogi inatoka, unaingiza mpya bila bisibisi. Betri yake lakini ni ndogo, mAh 1050 dhidi ya 1560 za DualSense ya kawaida. Elite Series 2 ya Xbox ni ya daraja la juu pia, ila analogi zake bado zimelehemiwa, na hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kulipa.

Vipi pedi za kampuni nyingine zenye analogi za sumaku? Kwa Switch zimejaa. Kwa Xbox angalia alama ya idhini ya Xbox kwenye boksi, maana tangu Novemba 2023 mfumo wake huzikataa zisizo na idhini. Kwa PS5 chaguo ni chache, kwa kuwa gemu za PS5 zenyewe zinataka DualSense au pedi yenye leseni.

Tahadhari mbili upande wa Nintendo. Switch Lite ina analogi ndani ya mwili wa konsoli, kwa hiyo analogi ikifa, konsoli nzima ndiyo inakwenda kwa fundi. Na Joy-Con za Switch 2, ingawa zinashikana na konsoli kwa sumaku, analogi zake si za vihisi vya sumaku. Nintendo wenyewe walilithibitisha hilo. Kwa wakazi wa Umoja wa Ulaya kuna nafuu: mwaka 2023 Nintendo ilikubali kutengeneza bure Joy-Con za Switch zenye tatizo hili hata baada ya muda wa dhamana kwisha.

Hifadhi inayojaa

PS5 ya mwanzo ina SSD ya GB 825, na nafasi unayoitumia kweli ni kama GB 667. Series X ina TB 1 na inakuachia kama GB 802. Series S ya GB 512 inakuachia kama GB 364, yaani gemu kubwa tatu au nne na nafasi imekwisha. Slim ilianza na TB 1, Pro TB 2. Switch ilianza na GB 32, OLED ikapewa 64, Switch 2 ina 256.

Hapa PS5 inashinda waziwazi. Ina nafasi ya SSD ya M.2 ya kawaida, ileile inayouzwa kwa kompyuta, kuanzia GB 250 hadi TB 8. Masharti yake ni haya: iwe NVMe ya PCIe kizazi cha 4, kasi ya kusoma ambayo Sony inapendekeza ni MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, na lazima iwe na bamba la kupozea. Urefu unaokubalika ni kuanzia 2230 hadi 22110 (tarakimu mbili za kwanza ni upana, zinazobaki ni urefu, kwa milimita), na unaopatikana kwa urahisi ni 2280. Pima unene kabla ya kulipa: SSD pamoja na bamba lake visizidi milimita 11.25 kwa jumla, na kinachoinuka juu ya bodi kisizidi milimita 8. SSD nyingi za kompyuta huja na mapezi marefu ya kupozea ambayo hayaruhusu kifuniko kurudi.

Kuiweka kwenye PS5 ya mwanzo:

1. Sasisha mfumo, zima konsoli kabisa (hali ya kupumzika haitoshi), chomoa nyaya zote na usubiri ipoe.
2. Ilaze juu ya kitambaa laini. Toa bamba jeupe la upande usio na diski kwa kuinua kona yake kidogo na kulitelezesha.
3. Toa skrubu ya kifuniko cha chuma kwa bisibisi ya nyota namba 1.
4. Ndani kuna skrubu na kipete cha kuinulia. Vihamishie kwenye tundu lenye namba ya urefu wa SSD yako. Wengi hukiacha kipete mahali pake pa zamani, SSD inakaa imepinda, na konsoli haiioni.
5. Ingiza SSD ikiwa imeinama kidogo, isukume mpaka mwisho, ilaze, kaza skrubu kwa vidole viwili tu.
6. Rudisha kifuniko na bamba, washa. Konsoli yenyewe itaomba kuifomati.

Xbox imechagua njia ya pili. Nyuma kuna tundu la kadi ya upanuzi: unachomeka, sekunde kadhaa, umemaliza. Hakuna bisibisi wala unene wa kupima, na kadi ina kasi sawa na hifadhi ya ndani. Unaweza hata kuibeba ukaichomeka kwa rafiki. Ubaya ni kwamba kadi hizo zinatoka kwa Seagate na WD peke yake, na kwa kila TB unalipa zaidi ya mwenye PS5. Ukinunua Series S kwa sababu ya unafuu, jumlisha na bei ya kadi kabla ya kufurahi.

Diski ya nje ya USB inasaidia kwa namna inayofanana pande zote mbili: unaweza kuegesha humo gemu za kizazi kipya, ila ili kuzicheza lazima uzirudishe ndani. Gemu za PS4 na za Xbox One huchezwa moja kwa moja kutoka USB. Kwa hiyo kama maktaba yako ni ya zamani, diski ya kawaida ya USB 3.0 inakutosha, na pesa ya SSD iache kwanza.

Switch inapokea microSD ya kawaida hadi TB 2. Switch 2 inataka microSD Express, na microSD uliyo nayo haitaendesha gemu hata moja humo. Inakusaidia kuhamisha picha na video ulizorekodi tu. Angalia alama ya EX kwenye kadi yenyewe, kwa sababu boksi huandikwa maneno mengi ya kasi yasiyohusiana.

Rekodi za mchezo

Jambo hili halizungumzwi madukani, na ndilo linaloumiza kuliko yote. Kwenye Switch, rekodi za maendeleo yako hazikai kwenye microSD. Zinakaa ndani ya konsoli. Konsoli ikifa, kadi yako nzima haina msaada. Umeokoka tu kama ulikuwa na uanachama wa kulipia na gemu hiyo inaruhusu nakala mtandaoni. PS5 nayo inataka uanachama kwa nakala za mtandaoni, na rekodi za gemu za PS5 huwezi kuzinakili moja moja kwenda USB; unachoweza ni kutengeneza nakala ya konsoli nzima kwenye diski ya nje. Xbox inapeleka rekodi zako mtandaoni yenyewe, bila malipo. Kama kuna mtoto ndani ya nyumba aliyetumia miezi minane kwenye gemu moja, tofauti hii pekee inaweza kuamua ununuzi.

Joto, vumbi na kelele

PS5 ya mwanzo ina feni ya milimita 120 na mapezi makubwa ya kupozea. Ni rahisi kuisafisha: mabamba yakitoka unaona feni, na kuna vitundu viwili vilivyotengenezwa makusudi ili uvute vumbi kwa mashine ya kufyonza. Kila miezi 3 hadi 6 inatosha, mapema zaidi kama chumba kina vumbi jingi au wanyama wenye manyoya. Shikilia feni kwa kidole isizunguke unapofyonza au kupuliza. Iache umbali wa sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani.

Ila usiende zaidi ya hapo. Kati ya chipu na bamba la kupozea la PS5 kuna metali ya kimiminika badala ya grisi ya joto ya kawaida. Inapitisha umeme na inakula alumini; ikimwagika kwenye bodi, bodi imekwenda. Konsoli ikisimamishwa au kulazwa, zote zinakubalika kwa Sony. Hatari inakuja pale mtu anapong'oa bamba la kupozea akidhani anabadilisha grisi kama kwenye kompyuta. Fundi akikuambia atakupakia grisi mpya kwenye PS5, muulize kwanza anajua kuna nini ndani. Akisita, ichukue konsoli yako uondoke.

Series X inatumia grisi ya kawaida, na feni yake moja kubwa inavuta hewa kutoka chini na nyuma na kuitoa juu. Kwa hiyo kosa kubwa ni kuweka kitu juu yake, hata pedi. Matundu yanayotazama juu pia hupokea vumbi mashine ikiwa imezimwa. Brashi laini na mashine ya kufyonza zinatosha kwa nje. Kufika ndani unahitaji Torx T8, na skrubu za kwanza zimefichwa chini ya stika nyuma. Series S ina duara jeusi la kutolea hewa: ukiilaza, duara liangalie juu. Switch zina feni ndogo yenye matundu juu na nyuma, na mara nyingi kinachozipasha ni blanketi la mchezaji aliyelala nayo kitandani.

Kuhusu kelele, tofautisha tatu. Mvumo unaopanda polepole ni feni na vumbi. Mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika na picha ni koili za umeme. Kusafisha hakuuondoi na haudhuru. Mngurumo wa ghafla wa PS5, hata kama gemu yako haitumii diski, ni kisomea diski kinachozunguka kukagua kilichomo. Toa diski, utatulia.

Matumizi ya umeme yanafuata joto. PS5 ikiwa kazini inakula karibu wati 200, Series X inaikaribia, Series S iko chini ya wati 100, Switch ya 2017 haifiki hata 20. Kama umeme wako hukatika, UPS (betri ya akiba ya umeme) ya VA 650 yenye wimbi safi la sine hubeba PS5 na TV ndogo kwa dakika chache, za kutosha kuhifadhi na kuzima vizuri. Switch ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika TV inazima lakini gemu haipotei.

Betri za pedi

Xbox inatumia AA mbili, na watu hulidharau hilo mpaka wafikishe mwaka wa tatu. Betri ya ndani ya DualSense huchoka kama ya simu. Ile ya AA unatoa na kuweka nyingine. Nunua nne za kuchajiwa za NiMH, mbili ziwe kwenye chaja daima. Toa betri kwenye pedi isiyotumika, maana za alkali huvuja na kula chuma cha kugusia. Betri ya DualSense inabadilishwa bila kulehemu, ina plagi ndogo, ila kufungua pedi ni lazima. Kwa Switch, usiiache kabatini ikiwa tupu: ichaji walau mara moja kila miezi 6.

Diski na kaseti

Diski ya PS5 au Series X haikuokolei nafasi. Gemu yote inanakiliwa kwenye SSD, na diski inabaki kuwa ufunguo. Kisomea diski cha PS5 ya mwanzo na cha Series X kimefungwa kwa bodi mama ya konsoli yake. Kikifa, huwezi kuchukua cha mashine nyingine ukachomeka. Bodi ndogo ya kile cha zamani lazima ihamie kwenye kipya. PS5 Slim na Pro zinakubali kisomea cha kuchomeka kinachouzwa peke yake, lakini mara ya kwanza kinataka intaneti ili kitambulike. Series S na PS5 ya kidijitali ya 2020 haziwezi kuongezewa kabisa, kwa hiyo kama unanunua na kuuza diski zilizotumika, zifute kwenye orodha leo.

Kaseti za Switch zinadumu. Zikisomeka kwa shida, futa miguso kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo na uache ikauke. Zimepakwa dawa chungu ili watoto wasizimeze, basi nawa mikono. Kwenye Switch 2 soma boksi kwa makini: baadhi ya kaseti zina ufunguo tu, na gemu yenyewe unaipakua.

TV isiyoonyesha picha, na masikioni

Tundu la HDMI ni kiungo dhaifu cha PS5 na Xbox, kwa sababu konsoli ni nzito, inasogezwa, na kebo inavuta. Ndani kuna pini 19; moja ikipinda, picha inapotea. Kulibadilisha ni kazi ya hewa ya moto. Kabla ya kulilaumu tundu, jaribu kebo na tundu jingine la TV. Kisha kwa PS5: zima, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, unganisha pedi kwa kebo ya USB, na kwenye hali salama chagua kubadilisha mpangilio wa picha. Kwa Series X: toa diski, zima, shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kutolea diski mpaka mlio wa pili, itawaka kwa picha ya ubora wa chini ambayo karibu TV yoyote inaipokea.

Kwa Switch mara nyingi kosa liko kwenye chaja. Doki ya Switch (kituo cha kuiunganisha na TV) inataka volti 15 na ampea 2.6, chaja ya simu inaichaji konsoli lakini haitoi picha kwenye TV. Switch 2 inataka volti 20, kwa hiyo chaja ya Switch ya zamani haitoshi dokini.

Vipokea sauti vya Bluetooth vya kawaida havikubaliki moja kwa moja kwenye PS5 wala Xbox. Chomeka vya waya kwenye pedi. Switch ilivikubali tangu Septemba 2021, kwa masharti: maikrofoni haifanyi kazi, na pedi zisizo na waya zinabaki mbili.

Ukinunua iliyotumika

Usinunue bila kuiona ikiwaka kwa dakika 30 ndani ya gemu nzito. Weka pedi mezani bila kuigusa na uangalie kama picha ndani ya gemu inajisogeza. Sukuma kebo ya HDMI taratibu juu na chini; picha ikikatika, toa gharama ya tundu kwenye bei. Ingiza diski na uitoe mara tatu. Kwenye PS5 angalia skrubu za ndani kwa tochi: vichwa vilivyolika vinaonyesha kuna aliyefika kwenye metali ya kimiminika kabla yako. Kwenye Switch ya 2017 kagua kingo za skrini, kwa sababu plastiki yake huchunwa na doki, na kwenye OLED na Switch 2 hakikisha utando wa kiwandani juu ya kioo haujabanduliwa na mtu aliyedhani ni wa kusafirishia. Mwisho, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake na airudishe konsoli katika hali ya kiwandani mbele yako, kisha uiunganishe na intaneti na uingie kwa akaunti yako hapo hapo. Konsoli iliyofungiwa mtandaoni itaonyesha hilo wakati huo, kabla pesa haijabadilisha mkono.